BARUA KUTOKA LOWARENGAK: Baharia wa Majeraha Manane

Kwa majuma mengi safu hii imeshughulika na mambo ya nchi kavu: mbuzi, visima, karo za shule, na bei ya samaki mkavu afikapo Lodwar. Juma hili nawaombeni ruhusa tuingie majini. Nataka kuwasimulia habari za Henry Peel Ritchie, Kamanda katika jeshi la wanamaji la Uingereza, ambaye mwaka 1914, katika mlango wa bandari ya Dar es Salaam, alipata majeraha manane katika muda usiozidi dakika 25, na kwa ajili ya kazi aliyoifanya katika dakika hizo akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa iliyo kubwa kupita zote kwa Waingereza.

Huenda msomaji wa Kitale au wa Machakos akauliza, karani aliyeko huku mwisho wa Kenya, ambako maji yenyewe ni ya ziwa tu, ana haja gani na vita vya bahari? Nina majibu mawili. Kwanza, watu wa Lowarengak ni watu wa maji kama walivyo watu wa Lamu na Bagamoyo. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma katika Ziwa Turkana hauulizi kama wewe ni baharia wa manowari au mvuvi mwenye nyavu mbili. Mwaka 1934, ziwa hili lilipokuwa bado likiitwa Rudolf, wataalamu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Pili, neno "shujaa" si neno la mchezo huku kwetu. Kijana aweza kulitafuta neno hilo mpaka akafa, au akaua, na ndiyo sababu nimeona yafaa kutazama kwa makini jambo alilolifanya mtu mmoja aliyepewa jina hilo kwa hati ya mfalme.

Kwanza hali ya pwani ilivyokuwa. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi. Kenya na Unguja zilikuwa chini ya Waingereza. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam ikaushambulia kwa mizinga mnara wa simu ya upepo. Wajerumani nao wakazamisha chelezo chao kikubwa katika mlango wa bandari wakitaka kuuziba. Yakafanyika mapatano ya wakati ule ule, kwamba mji usipigwe, nao mji usifanye vita. Lakini wakuu wa wanamaji huko London hawakuyakubali, na tangu hapo kila upande ulikuwa na fikira zake juu ya lipi lililoahidiwa na lipi halikuahidiwa.

Kisha mambo yakaharibika haraka. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea asubuhi mapema mbele ya mji wa Unguja, ikaikuta manowari Pegasus imetia nanga ikitengenezwa mitambo, ikaipiga mpaka ikawa ya kuzama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi ya watu wa Pegasus yapo hata leo katika kisiwa cha Chapwani. Königsberg ikaenda kujificha katika vijito vya Rufiji, ndani ya mikoko. Mwanzo wa Novemba jeshi kubwa lililoletwa kutoka Bara Hindi lilishuka Tanga likashindwa vibaya na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao Waafrika. Basi mwisho wa mwezi ule Waingereza wa pwani walikuwa na hasira na wasiwasi kwa pamoja, na mambo hayo mawili yakikaa katika chombo kimoja hayaleti hekima.

Ndani ya bandari ya Dar es Salaam zilikuwamo meli za Kijerumani, miongoni mwao König, Feldmarschall, na Tabora ambayo ilikuwa imefanywa hospitali. Ilihofiwa kwamba mlango wa bandari haukuzibwa sawasawa, na kwamba meli hizo zingeweza kutoka usiku na kuipelekea Königsberg makaa na chakula. Ikaamriwa ziharibiwe mitambo.

Mtu aliyepewa kazi hiyo alizaliwa Edinburgh, katika Scotland, tarehe 29 Januari 1876, baba yake akiwa daktari. Tarehe hiyo ina kioja chake: hati ya Malkia Victoria iliyoanzisha Msalaba ule iliandikwa tarehe 29 Januari 1856, miaka 20 kamili kabla ya kuzaliwa kwake. Aliingia katika jeshi la wanamaji akiwa bado mvulana, kama ilivyokuwa desturi yao, akapanda cheo baada ya cheo mpaka akawa msaidizi wa mkuu wa manowari Goliath. Manowari hiyo iliteremshwa majini mwaka 1898. Ilikuwa na mizinga minene, lakini kufika 1914 ilikwisha kuwa ya kizamani, na tumbo lake lilikwenda chini sana hata haikuweza kuikaribia Königsberg huko Rufiji. Ritchie alikuwa na umri wa miaka 38. Kama vita visingetokea, naona angelistaafu kimya kimya, na hapana mtu wa Afrika ya Mashariki ambaye angelijua jina lake.

Jumamosi tarehe 28 Novemba, Goliath na manowari nyingine iitwayo Fox zilisimama nje ya Dar es Salaam. Pamoja nazo zilikuwako vyombo vidogo, ndio Duplex, meli ya kutandika nyaya za simu chini ya bahari, na Helmuth, boti ya moshi iliyotekwa kwa Wajerumani wenyewe, na mashua ya moshi ya Goliath. Mjini bendera nyeupe zilikuwa zikipepea. Wakuu wa mji wakaarifiwa kwamba Waingereza watatuma watu kuzitazama meli zile. Juu ya maneno hayo nitarudi baadaye kidogo, maana ugomvi wote umo humo.

Wasomaji waliopata kuvuka kwa pantoni baina ya Magogoni na Kigamboni wanaujua mlango ule. Si mlango mpana. Chombo kinachoingia hupita katika mfereji uliopinda, nchi kavu ikiwa karibu kulia na kushoto, minazi na vichaka vikiangalia majini, na mtu aliyelala kifudifudi ufukoni na bunduki aweza kumchagua amtakaye. Kuingia kulikuwa rahisi. Hakuna aliyepiga risasi. Watu wa Ritchie walipanda Feldmarschall na König, wakatega baruti katika mitambo na kuivunja, na mabaharia kadhaa wa Kijerumani wakachukuliwa mateka.

Lakini jambo moja lilimtia Ritchie shaka. Katika König alikuta mabaharia wake karibu wote hawamo. Meli kubwa haiachwi tupu na wenyewe bila sababu. Watu wale wamekwenda wapi, na wamechukua nini mkononi? Hakurudi nyuma kwa shaka hiyo, wala hakuipuuza. Aliagiza yatwaliwe matishali mawili ya chuma yaliyokuwa bandarini, yakafungwa moja kila upande wa mashua ya moshi, yawe kama kuta za kuikinga mitambo yake. Mashua ikawa nzito na ya polepole, kama punda aliyebebeshwa magunia mawili, lakini ikawa na ngao.

Nawaomba wasomaji wasiipite haraka habari hii ya matishali. Katika kusimulia vita twapenda kuikimbilia damu, na kazi ya akili iliyofanyika kabla ya damu twaiacha kando. Kwa hukumu yangu mimi, nusu ya ushujaa wa siku ile ilikuwa katika kamba zile zilizofungwa wakati hapajasikika mlio hata mmoja, na pengine baadhi ya wale waliozifunga walinung'unika kwamba mkubwa wao anaogopa kivuli.

Walipokuwa wakitoka, risasi zikaanza. Zilitoka pande zote mbili za mfereji, za bunduki, za bombomu, na za mizinga midogo, huku bendera nyeupe zikiwa bado zinaonekana mjini. Helmuth ilipigwa. Mashua ya moshi ikapigwa. Ritchie akajeruhiwa mara ya kwanza akaendelea kuamrisha. Akajeruhiwa tena, na tena. Taarifa ya serikali iliyotangazwa London tarehe 10 Aprili 1915 haina maneno mengi ya fahari. Yasema tu kwamba ingawa alijeruhiwa vibaya mara kadhaa, uvumilivu wake na uthabiti wake vilimwezesha kuendelea na kazi yake, akiwatia moyo watu wote kwa mfano wake, mpaka jeraha la nane lilipompotezea fahamu. Baina ya jeraha kubwa la kwanza na la mwisho zilipita dakika 20 mpaka 25. Msomaji atazame saa yake, ahesabu dakika hizo, kisha agawanye kwa manane.

Hakuwa peke yake. Walikuwako wawili, Clark na Upton, ambao walishika usukani kwa zamu. Mmoja alijeruhiwa, mwenzake akaupokea, na mwenzake naye alipojeruhiwa yule wa kwanza akaurudia hali damu yake haijakauka. Walipewa nishani kwa kazi hiyo, ingawa si ile kubwa. Wavuvi wetu wataelewa kuliko watu wa mjini nisemapo kwamba katika mfereji uliopinda namna ile, chombo kisichokuwa na mtu katika usukani hakiwi tena chombo. Ni gogo. Risasi hazikuhitaji kukizamisha; zilihitaji kukiacha kipande mchanga tu.

Vile vyombo vilitoka. Ritchie alichukuliwa mpaka Unguja akatibiwa huko, kisha akapelekwa kwao Uingereza. Lakini si wote waliotoka. Maofisa na mabaharia kadhaa waliokuwa bado ndani ya zile meli waliachwa nyuma wakatekwa. Mmoja wao alikuwa daktari wa manowari, Holtom, aliyekuwa amekwenda kuikagua Tabora kuona kama kweli ni hospitali. Alikaa mfungwa muda mrefu katika nchi ya Wajerumani, na baada ya kupata uhuru wake aliandika kitabu juu ya maisha hayo.

Manowari zilipoona watu wake wanapigwa ziliuelekezea mji mizinga, na siku mbili baadaye zikaupiga tena. Nyumba ya Gavana iliharibika vibaya. Jumba lililojengwa mahali pale pale mwaka 1922 ndilo lililokuja kuwa Ikulu ya Dar es Salaam. Lakini mizinga ya manowari haina macho ya kuchagua nyumba ya Gavana na kuiacha nyumba ya mchukuzi. Watu wa Dar es Salaam ambao hawakuandikiwa barua yoyote kuhusu mapatano wala kuvunjwa kwake walilazimika kukimbia mji wao.

Sasa turudi katika yale maneno. Waingereza walisema, tumeingia chini ya bendera nyeupe mlizozitundika ninyi wenyewe, na tukapigwa risasi tukiwa tunatoka. Huu ni usaliti. Wajerumani walijibu, tuliwaruhusu kuzitazama meli, hatukuwaruhusu kuzivunja wala kuchukua mateka. Aliyevunja masharti ni ninyi. Nimepata kusikia mabishano ya namna hii katika mabaraza ya malisho na visima, mara nyingi, na kwa kawaida kila upande huwa na ushahidi wa nusu ya neno. Mimi naona Wajerumani walikuwa na hoja juu ya kuharibiwa kwa mitambo, maana mtu akiomba kuingia nyumbani kwako kuitazama nyama hakupewa ruhusa ya kuipika. Naona pia ya kwamba aliyetundika bendera nyeupe na kuwaficha watu wenye bunduki vichakani hawezi kulalamika sana juu ya masharti. Bendera ya amani ikitumiwa mara moja kuficha bunduki, siku nyingine anayeitundika kwa haki hataaminiwa, na atakayeuawa siku hiyo ni mtu mwingine kabisa.

Lakini shauri la nani alikuwa na haki halimgusi yule mtu aliyesimama katika mashua na majeraha manane. Yeye aliamriwa kuingia, akaingia. Akapewa watu, ikawa kazi yake kuwatoa. Na hapa ndipo ningependa tuzungumze kidogo sisi wenyewe, watu wa ziwani.

Zamani, Mturkana aliyemuua adui vitani alichanjwa chale mwilini, na kila aliyemwona alijua amefanya nini. Mwili wake ndio uliokuwa barua yake. Sisemi hayo kwa dharau. Makabila mengi ya dunia yalikuwa na njia zao za kuwatambua watu wao wa vita, na Waingereza nao walitundika vyuma kifuani. Nilipomweleza mzee mmoja wa hapa habari za Ritchie alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ameua wangapi. Nikamwambia kwamba taarifa ya nishani yake haitaji hata mtu mmoja aliyeuawa naye. Mzee akanyamaza. Halafu akasema, "Basi alama zile nane si yeye aliyewachanja wengine. Ni wengine waliomchanja yeye." Nikamwambia, ndivyo, mzee wangu. Akauliza tena, "Na wakampa sifa kwa kuchanjwa?" Nikamwambia, kwa kutouacha usukani wa watu wake huku anachanjwa.

Mzee yule hakukubali mara moja, nami sikutaka akubali kwa adabu tu. Mambo ya huku si hadithi za vitabuni. Mwezi wa Mei 2011, huko Todonyang, kaskazini kidogo ya hapa, watu wengi wa Turkana waliuawa na Wadassanech, ambao zamani waliitwa Merille, na kisasi kikafuata. Wavuvi wa pande zote mbili wanatega nyavu katika maji yale yale karibu na mahali Mto Omo unapoingia ziwani, na mpaka wa nchi mbili hauonekani juu ya maji. Kijana anayekua hapa huambiwa mapema ni nani adui. Haambiwi mapema namna hiyo kwamba nahodha anayegeuza mashua ili kumwokota mwenziwe aliyeanguka majini, upepo unavuma na risasi zinalia, naye ni mtu wa kutungiwa wimbo. Ningependa aambiwe. Kumbukumbu za nani ameua nani tunazo za kutosha. Mimi nataka nani ameleta watu nyumbani.

Nirudi katika Msalaba wenyewe, maana wasomaji wengine huniandikia kutaka kujua vitu hivi vilivyo. Ni msalaba mdogo wa shaba nyeusi-nyeusi, una simba na taji, na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "kwa ushujaa". Hauna dhahabu wala fedha. Mpaka mwaka 1918 wanamaji waliuvaa kwa utepe wa buluu na askari wa nchi kavu kwa utepe mwekundu, kisha wote wakapewa mwekundu. Katika Vita Kuu ile, tendo la Ritchie ndilo la kwanza kwa tarehe miongoni mwa matendo ya wanamaji yaliyopewa Msalaba huo, ingawa Holbrook, ofisa wa chombo cha chini ya maji aliyeizamisha meli ya Waturuki mwezi wa Desemba, ndiye aliyetangulia kutangazwa.

Je, mtu mweusi aliweza kuupata? Aliweza, na mmoja wao alikuwa baharia. William Hall alizaliwa Nova Scotia, katika Kanada, wazazi wake wakiwa watu waliotoka katika utumwa wa Marekani. Mwaka 1857, huko Lucknow katika Bara Hindi, mabaharia wa manowari Shannon waliivuta mizinga yao nchi kavu mpaka karibu na ukuta wa ngome. Wenziwe waliokuwa katika mzinga mmoja walikufa au walijeruhiwa, wakabaki Hall na ofisa mmoja aliyejeruhiwa, nao wakaendelea kuupakia na kuupiga mpaka ukuta ukatoboka. Alipewa Msalaba mwaka 1859. Alirudi Nova Scotia akalima shamba lake, na alikufa mwaka 1904 bila heshima za kijeshi. Wakulima wanaosoma safu hii watapenda kujua kwamba yuko mkulima aliyekuwa na nishani ile katika sanduku lake la nguo au popote alipoiweka, naye akaendelea kupalilia.

Katika taarifa za Dar es Salaam sikuona jina la Mwafrika hata mmoja, wa upande huu wala wa upande ule. Askari Waafrika walikuwa wakiwapigania Wajerumani. Wachukuzi Waafrika wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu kabla ya vita kwisha, na ukumbusho wao mkubwa ni jina la Kariakoo, liliyobaki Dar es Salaam na Nairobi, ambalo ni neno la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi lililogeuzwa na ndimi zetu. Katika vita vya pili hali ilikuwa nyingine kidogo, na Waafrika wengi wa King's African Rifles walipewa nishani kwa majina yao. Hapa Turkana wazee walizikumbuka lori za jeshi lililopita mwaka 1941 kuingia Uhabeshi kuwapiga Waitalia. Na bahari nayo ilichukua fungu lake: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na chombo cha chini ya maji cha Wajapani ikazama katika dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, watu wa bara ambao pengine hawakupata kuiona bahari kabla ya safari ile.

Na msidhani maziwa yalisalimika. Risasi ya kwanza ya Ziwa Nyasa ilipigwa tarehe 13 Agosti 1914, Kamanda Rhoades wa boti ya Kiingereza Gwendolen alipoivamia boti ya Kijerumani iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Habari za vita zilikuwa bado hazijamfikia, akaja kwa mtumbwi mdogo akiwa na ghadhabu kumwuliza rafiki yake ameingiwa na wazimu gani. Akatekwa pale pale. Katika Ziwa Tanganyika, Kamanda Spicer-Simson alileta boti mbili ndogo kutoka Uingereza kwa meli, kwa reli, na kwa kuvutwa juu ya milima ya Kongo, kazi ambayo Waafrika kwa mamia waliifanya kwa kukata njia na kujenga madaraja. Aliiteka boti ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 akaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Naye alipewa nishani. Ile meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikaopolewa mwaka 1924, nayo ndiyo Liemba ijulikanayo na kila mtu wa Kigoma. Mtu akisoma habari za Spicer-Simson huona ya kwamba alipenda sana kujisifu. Nishani haibadili tabia ya mtu.

Ritchie, kwa kadiri ya habari zake, hakuwa wa namna hiyo. Na majeraha yake manane yalimfanyia jambo ambalo hapana aliyelitazamia. Goliath iliondolewa katika bahari yetu ikapelekwa Dardanelles kupigana na Waturuki. Usiku wa tarehe 13 Mei 1915, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya Msalaba wake kutangazwa, manowari ya Kituruki ilinyemelea katika ukungu ikaipiga Goliath kwa topido. Ilipinduka upesi. Kati ya watu 750 hivi waliokuwamo, 570 walikufa, na kati yao walikuwamo watu waliokuwa naye Dar es Salaam. Yeye alikuwa Uingereza, mwenye majeraha. Königsberg nayo ilimalizwa Rufiji tarehe 11 Julai mwaka ule ule na Severn na Mersey, vyombo vya tumbo fupi vilivyoletwa makusudi kwa kazi hiyo. Lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakaikokota bara, na mmoja wao waweza kuutazama leo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus iliyozamishwa nayo. Maadui wawili wamekaa kitako ndani ya ua mmoja, watoto wa shule wanawapanda migongoni.

Ritchie alipata cheo cha Kapteni, akastaafu, akarudi mji aliozaliwa. Alikufa Edinburgh tarehe 9 Desemba 1958, mwenye umri wa miaka 82. Siku ile, hapa jirani, Jomo Kenyatta alikuwa bado mfungwa Lokitaung, na jeshi dogo la wanamaji la kikoloni la Afrika ya Mashariki lilikuwa bado na vyombo vyake Mombasa. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ilianzisha Jeshi lake la Wanamaji, ambalo makao yake yako Mtongwe, na mwezi wa Septemba 2012 wanamaji wa Kenya walishusha askari ufukoni Kismayu usiku.

Vijana wa Lowarengak, Todonyang na Kataboi wanaoniuliza njia ya kuingia katika jeshi hilo, jawabu ni hili. Tangazo la kuandikisha hutolewa magazetini, nalo hutaja siku na mahali pa kukusanyika. Njoo na kitambulisho chako na vyeti vyako vyenyewe, si nakala peke yake. Kuandikishwa ni bure. Mtu atakayekudai fedha ili jina lako lipite, asiwe na cheo gani wala urafiki gani na nani, ni mwizi, na habari zake zipelekwe polisi kabla jua halijatua.